Usalama wa mtoto bila kuharibu sebule: cha dukani, cha fundi, au kukitoa kabisa?

Mwanangu alianza kusimama kwa kushika meza akiwa na miezi tisa, na mimi bado nilikuwa nadaiwa hela ya meza yenyewe. Meza ya kioo, miguu ya kung'aa, juu yake kitambaa cha kudarizi alichonipa mama mkwe, na juu ya kitambaa chupa ya chai. Akaikamata ncha ya kitambaa, akavuta. Chupa ikaangukia upande wa pili, chai ikatapakaa kwenye malumalu, mtoto akacheka. Dada wa kazi akatoka jikoni mbio: "Mama, kaungua?" Hakuungua. Bahati tu.

Jumamosi yake nilikwenda Kariakoo nikarudi na mfuko mzima: vikona vya sponji, vizibo vya soketi, kufuli za kubandika, geti la kubana. Wiki moja baadaye sebule ilifanana na mzigo uliofungwa kusafirishwa Mwanza. Miezi miwili baadaye nusu ya vitu vile vilikuwa vimedondoka vyenyewe, maana gundi na joto la Dar havipatani. Ndipo nikaanza kumwita fundi, na vingine nikavitoa nyumbani moja kwa moja. Njia zote tatu nimezipitia, kwa hiyo hapa nazipanga ubavu kwa ubavu kwa mzazi ambaye bado hajatoa hela.

Kipimo changu ni kimoja. Saa kumi na moja jioni, umeme umekatika, dada anakaanga samaki, mimi nipo kwenye foleni ya barabara ya Mandela: kile kitu bado kinafanya kazi? Kama kinategemea mtu akumbuke kukifunga, kimefeli. Na nilichokuja kugundua ni kwamba vinavyofaulu mtihani huo ndivyo vinavyopendeza pia, kwa kuwa vinakuwa sehemu ya samani. Vya kubandikwa juu yake ndivyo vinavyotia aibu mgeni akija.

Meza ya katikati

Vikona vya sponji ndiyo suluhisho la kwanza la kila mtu, na mimi nilivipa wiki tatu. Mtoto alivibandua kimoja kimoja, kimoja nikamkuta anakitafuna. Hata vikishika, vinaziba kona nne tu. Ukingo mzima wa meza unabaki wazi, na kioo kinabaki kioo.

Kama meza yako ni ya mbao, mpe fundi. Seremala wa Keko alizichukua kona za meza ya kulia chakula akazipitishia randa na msasa mpaka zikawa mviringo, akapaka vanishi. Kazi ya mchana mmoja. Ukiingia leo utadhani ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, na mninga ukipigwa msasa vizuri unapendeza kuliko ulivyotoka dukani.

Kwa kioo mambo ni tofauti. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa mapande marefu kama visu. Kioo kilichopikwa kiwandani kwa moto mkali na kupozwa ghafla kinasambaratika vipunje vidogo, kama cha dirisha la ubavuni la gari. Shida ni kwamba kile kilichopikwa hakikatwi wala hakisagwi kona tena. Ukijaribu, kinapasuka chote, kwa hiyo fundi anayekuahidi kukizungushia kona ama hajui ama kioo chako ni cha kawaida. Angalia pembeni: mara nyingi kilichopikwa kina muhuri mdogo kwenye kona. Kama hakuna, na muuzaji anajikanyaga ukimuuliza, kichukulie kuwa cha kawaida. Hapo unaweza kuwaita wale wanaobandika tinti za magari wakuwekee filamu isiyo na rangi upande wa chini. Kioo kikipasuka, vipande vinabaki vimeshikana. Haionekani kabisa, na sijui kwa nini watu hawalifanyi zaidi.

Njia ya tatu ndiyo niliyoichagua. Meza ya kioo ipo kwa dada yangu Kimara, inasubiri mtoto afike darasa la kwanza. Mahali pake fundi makochi alinitengenezea stuli kubwa ya sponji, ya mviringo, iliyovishwa kitambaa kizito cha rangi ya kutu. Nikitaka kuweka kikombe, naweka sinia juu. Wageni wakija zinatoka zile stuli ndogo za mbao zinazoingiliana, kila mmoja anapata yake mbele ya goti, kama tulivyozoea. Kasoro ni moja: sponji inanyonya kila kinachomwagika, kwa hiyo mwambie fundi aweke zipu ili kitambaa kivuliwe na kufuliwa. Mimi sikumwambia. Ramani ya juisi ya ukwaju ipo hadi leo.

Kitambaa cha mezani, kile kinachoning'inia ncha nne, kiondoe. Hapa sina cha kulinganisha.

Vinavyoanguka

Kama una hela ya jambo moja tu, liwe hili. Mtoto havutiwi na kabati kwa uzuri wake, anaziona droo ni ngazi. Akizivuta mbili za chini akasimama juu yake, uzito wote unahamia mbele. Mwaka 2016 nchini Marekani IKEA iliondoa sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya makabati yasiyofungwa ukutani kuwaangukia watoto na kuwaua. Yale ni ya mbao za kusaga, mepesi. Letu la mkongo au mninga haliyumbi kirahisi, lakini likija, linakuja na kilo zote.

Dukani utauziwa mikanda ya plastiki yenye gundi. Usinunue. Nilibandika mmoja kwenye ukuta wenye rangi ya maji, nikauvuta kwa mkono kujaribu, ukatoka na rangi yake. Fundi anaweka kichuma cha umbo la L juu ya kabati, skrubu moja kwenye mbao, nyingine ukutani. Huoni kitu ukisimama chini. Kuta zetu ni za tofali za saruji, zinashika vizuri, ila juu kuna plasta na plasta nyingine ni mchanga mtupu. Fundi wangu alitoboa mara ya kwanza, akachungulia tundu, akazima drili.

"Dada, hapa ni plasta tu. Nikifunga hapa, kabati litakuja na ukuta."

Akahama kidogo, akaingia ndani zaidi mpaka drili ikaanza kugoma kwenye tofali. Ukiona fundi anatoboa kama anapasua siagi na bado anafunga skrubu, msimamishe.

Runinga ni hivyo hivyo. Juu ya stendi nyembamba inaanguka hata kwa kuvutwa waya. Ukutani kwenye bano lake inapendeza zaidi, inafungua nafasi, na feni inapitisha upepo bila kizuizi. Stendi ya chini ukitaka kubaki nayo, iwe pana na fupi, na waya zipite kwenye mfereji wa plastiki uliopakwa rangi ya ukuta.

Mpangaji anauliza: na mwenye nyumba? Matundu mawili ya skrubu yanazibwa kwa fila na rangi siku unahama. Wangu aliguna kidogo, kisha akauliza kama fundi akimaliza anaweza kupita kwake.

Soketi: hapa duka linakupotosha

Vile vizibo vyeupe vya kuchomeka ni vya kwanza kununuliwa na, kwa soketi zetu nyingi, ni vya kuacha. Soketi ya pini tatu za bapa tuliyoirithi kwa Waingereza, ambayo kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1947, ina vifuniko vidogo ndani. Matundu mawili ya chini yamezibwa mpaka pini ndefu ya juu iingie na kuyafungua. Kizibo kinaingiza pini ya juu ya plastiki, kwa hiyo kinafungua kile ambacho kilikuwa kimefungwa. Mtoto akikichomoa na kukigeuza, au kikivunjikia ndani, umemfungulia mlango mwenyewe. Uingereza kwenyewe, mwaka 2016, idara ya afya iliagiza vizibo hivyo viondolewe kwenye hospitali na vituo vya huduma.

Hatari yenyewe iko kwingine: ekstensheni. Zile zinazopokea kila aina ya plagi mara nyingi zina matundu wazi yasiyo na kifuniko chochote ndani, na ziko sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa. Hapo linganisha mawili. Boksi la mbao lenye mfuniko wa skrubu, fundi analitengeneza na kulipaka rangi ya stendi, linaonekana kama samani. Au mwite fundi umeme aongeze soketi nyuma ya runinga, ekstensheni ife kabisa. La pili ni ghali zaidi na ndilo bora. Akiwa hapo hapo mwombe aangalie kama boksi lako la umeme lina swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Nyumba nyingi za zamani hazina, na hiyo haiharibu urembo wa mtu.

Geti

Kwenye mlango wa jikoni au ngazi za ndani kuna aina tatu, na watu wanazichanganya.

La kubana la dukani halitobolewi. Linafungwa kwa skrubu zinazosukuma fremu pande mbili. Ni jepesi na linahamishika, mpangaji analipenda. Lakini lina upau chini ambao mtu mzima anajikwaa nao, na ukibeba sufuria ya wali hiyo si hadithi ndogo. Juu ya ngazi halifai kabisa: mtoto akiliegemea likachomoka, linaondoka naye. Halafu pima mlango kabla ya kununua. Langu lilikuwa fupi kwa vidole vinne.

La chuma, kwa fundi wa kuchomelea, ni imara kupita mahitaji. Linapiga kelele, kingo za weldi zinakata vidole zisiposagwa, na pwani linashika kutu mapema, hasa kwa walio Kigamboni na Mbezi Beach. Sebule inapata sura ya duka la mtaani lenye dirisha la nondo. Kwa roshani sawa, kwa ndani hapana.

La mbao ndilo nililobaki nalo. Fito za wima tupu, maana za kulala ni ngazi, nafasi kati yake chini ya sentimita 10, kimo cha kiuno changu, bawaba za shaba, komeo upande wa nje kwa juu. Kipimo cha sentimita 10 sikukitunga: ndicho wanachotumia Uingereza kwenye kingo za ngazi, tufe la ukubwa huo lisipite. Kwa mtoto mdogo zaidi mimi nilibana hadi saba. Seremala alinichongea juu yake ukingo wa mawimbi kama wa milango ya Zanzibar, na sasa wageni wanauliza nimelinunua wapi. Mpangaji akihama anaondoka nalo.

Kwa walio ghorofani, tazama roshani na grili za madirisha kabla ya chochote. Grili yenye nondo za kulala ikiwa juu ya kochi ni ngazi mbili mfululizo. Sogeza kochi, ni bure. Na grili zote zikiwa za kudumu bila hata moja inayofunguka kwa ndani, siku ya moto mmefungiwa humo na mtoto wenu. Moja ifunguke, ufunguo uning'inie kimo cha mtu mzima, na namba 114 ya Zimamoto iwe kwenye simu ya dada pia.

Jikoni na bafuni

Kufuli za sumaku za kabati zinapendeza kwa kuwa hazionekani nje. Tatizo ni ule ufunguo wa sumaku: wetu ulipotea siku ya nne, ukapatikana kwenye unga wa sembe. Kufuli za kubandika zinaonekana, na dada aliziacha wazi kwa sababu mikono ya mafuta haizifungui. Kilichofaulu ni kubadilisha yaliyomo. Kabati la chini: sufuria, masinia, vibakuli vya plastiki, acha apige ngoma. Juu kabisa, penye kitasa na ufunguo wa kawaida: jiki, dawa ya panya, mafuta ya taa, sabuni ya maji.

Sabuni ya maji niitaje mara mbili. Tunainunua mtaani ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kibandiko kikiwa bado kipo, rangi ya kijani kama sharubati. Mafuta ya taa nayo yanakaa kwenye chupa ya soda. Mtoto anayejua chupa ile ni ya kunywa hana kosa. Hamishia kwenye chupa ya kioo kizito yenye pampu, juu ya sinki. Hapa urembo na usalama vinakwenda pamoja kwa gharama ya chupa moja. Na akishakunywa mafuta ya taa usimtapishe. Yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko madhara yaliko. Mpeleke hospitali na chupa yake.

Mtungi wa gesi ndani ya kabati unapendeza, nje ya ukuta na bomba likipita kwenye tundu ni salama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwenye sakafu anakotambaa mtoto, na kabati lililofungwa linaikusanya. Nimechagua nje, kwenye kizimba kidogo chenye kivuli. Mpangaji asiyeweza kutoboa ukuta aache walau kabati la mtungi bila milango, aweke pazia fupi la kitenge.

Dispensa ya maji: ukinunua, chukua yenye kitufe cha kubonyeza kwanza kabla ya bomba la moto kufunguka. Kama yako haina, zima swichi ya moto iliyo nyuma, maji ya chai yachemke jikoni.

Bafuni sitarefusha. Maji ya Dar yanatufundisha kujaza ndoo, na ndoo ya lita 20, hata iliyojaa nusu tu, ni hatari, kwa kuwa mtoto anainama kutafuta maji, kichwa kinamzidi uzito, na ndoo haipinduki kumtoa. Sentimita chache zinatosha. Linganisha: ndoo wazi, hapana. Diaba lenye mfuniko, mfuniko utasahaulika. Pipa lenye mfuniko wa kuzungusha na koki chini, juu ya kimeza, ndilo. Na mlango wa bafuni uwe na komeo la juu kwa nje.

Mapambo yenyewe

Mishumaa ya betri, ile inayotingishika mwanga kama ya kweli, ni mizuri sana na mimi nilikuwa nayo sita. Ndani mwake mara nyingi kuna betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, mkondo wake unachoma nyama, na saa mbili zinatosha kuleta jeraha kubwa. Midoli inayoimba na rimoti za feni zinazo pia. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu, mtoto anakifungua. Nilitoa mishumaa yote, nikaweka taa ya ukutani yenye kivuli cha ukindu. Ukishuku tu kwamba ameimeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje dalili.

Maua ya ndani: lile la majani mapana yenye madoa meupe, ambalo wauza maua wanalisifu kwa kukua kivulini, utomvu wake una fuwele kama sindano zinazovimbisha mdomo na ulimi. Waulize mtende mdogo wa ndani au ule wa majani membamba yenye mistari unaoning'iniza watoto wake. Hayo mawili hayana sumu, na la pili linafaa kuning'inizwa juu. Uzio wa minyaa nje ya kibaraza nao ukumbuke, utomvu wake ni balaa machoni.

Vinyago sikuvitupa. Kile kirefu cha mpingo kilichokuwa sakafuni nimekifungia rafu nzito, usawa wa bega. Vidogo vipo kwenye kabati la kioo la chumbani.

Zulia lenye ncha zinazokunjika linaangusha watu wazima kuliko watoto. Mikeka ya sponji ya kuunganisha, ile ya herufi na wanyama, inakinga kichwa vizuri lakini inajaza chumba rangi. Zipo za rangi moja, kijivu au mchanga, tafuta hizo. Mkeka wa ukindu wetu ni mzuri kuliko vyote kwa macho, ila kwenye malumalu unateleza. Tandika chini yake kipande cha mpira wenye matundu, na bado hautazuia kichwa kuuma.

Nikianza upya, kwa mpangilio wa hela

Bure, au karibu na bure: kitambaa cha meza, kochi chini ya dirisha, chupa za sabuni, ndoo, mishumaa. Hayo ni ya leo jioni. Kisha fundi wa siku moja mwenye drili nzuri: kabati, runinga, rafu. Mwezi unaofuata, geti la mbao na fundi umeme. Stuli ya sponji ikifuata ni anasa, na nisingeiacha. Kariakoo ningenunua mikeka ya sponji ya kijivu tu, na vile vizuizi vya mlango usimbane vidole.

Geti la kubana bado lipo stoo, ndani ya boksi lake. Mwenye mlango wa sentimita 80 aje alichukue, simuuzii.